Mmetuuzia masomo ya jioni, majaribio mnaweka saa 4 asubuhi!

Wakuu, nimevumilia muhula mzima, leo nasema.

Nina miaka 43, mtunza stoo kwenye kampuni moja Barabara ya Nyerere, mwaka wa 16 huu. Vijana watatu niliowafundisha kusoma leja na kuhesabu mali leo ni maofisa ugavi, mimi bado nasaini chini yao, maana wao wana vyeti vya kuwawezesha kusajiliwa PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, na mimi sina. Sina kinyongo nao hata kidogo. Ndiyo maana nikarudi shule, stashahada ya ununuzi na ugavi, masomo ya jioni. Chuo sikitaji, wenyewe watajijua.

Bango lao getini limeandikwa "Kwa wafanyakazi". Vipindi saa 11:30 jioni mpaka saa 3 usiku. Ada ya jioni inazidi ya mchana kwa laki tatu na nusu, tukaambiwa ni kwa kuwa mwalimu anabaki baada ya saa za kazi. Sawa, nikalipa. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi mtu mwenye ajira rasmi hapati, kwa hiyo hela yote inatoka kwenye mshahara uleule wa kodi ya nyumba na ada za watoto wawili.

Sasa wiki ya tano, Jumatatu saa 4 usiku, ujumbe unaingia kwenye grupu: jaribio kesho saa 4 asubuhi, jioni na mchana wote pamoja. Saa hiyo mimi niko mlangoni mwa stoo, lori linashusha mzigo! Nikampigia bosi usiku uleule. Akanijibu kesho kuna ukaguzi, nikiondoka nisirudi. Sikwenda. Nimepewa sifuri, na jaribio hilo ni alama 15 kati ya 40 za kabla ya mtihani. Sapu, yaani kurudia mtihani, inaninyemelea kwa somo ninaloliishi kila siku.

Nikaenda kwa mkuu wa idara na barua ya mwajiri, ina muhuri. Hakuifungua. Aliisukuma bahasha kwa kidole kimoja mpaka ukingoni mwa meza, akasema, "Mzee wangu, ukiamua shule, amua shule." Nilishindwa hata kuinuka. Shule niliiamua! Nyinyi ndio mlionipokea mkijua nimeajiriwa, fomu yenu ina sehemu ya jina la mwajiri na nimeijaza. Sheria ya Ajira ya 2004 inaruhusu saa 45 za kawaida kwa wiki. Mchana wangu una mwenyewe, na nyinyi mlilijua hilo mkinikatia risiti.

Na hao walimu wa kubaki jioni wako wapi? Wa takwimu kaingia mara nne katika wiki 11. Unatoka kazini mbio, unasimama kwenye daladala mpaka miguu inakufa ganzi, unakuta kufuli mlangoni. Tunakaa kwenye ngazi mpaka saa 1, ndipo inakuja sauti ya WhatsApp: leo sitafika, someni noti. Tunaye dada mmoja mlinzi, anabadilishana zamu na wenzake na kuwalipa kwa kulinda usiku wa Jumapili, ili aje kukaa kwenye ngazi. Kisha karatasi ya mahudhurio ni yetu sisi, ukishuka chini ya asilimia 75 hufanyi mtihani. Mwalimu asipokuja hakuna anayemhesabia.

Sitaki kuonewa huruma wala kupewa alama za bure. Nataka jaribio lirudiwe jioni, ratiba tuliyolipia ifuatwe, na kama haiwezekani warudishe ile laki tatu na nusu.

Barua tumeshaandika, tumesaini watu 17. Aliyewahi kupeleka lalamiko kama hili NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na ufundi stadi, aniambie alianzia kwa nani na alikwenda na viambatisho gani. Mitihani inaanza wiki tatu zijazo.