Mzee anasema miguu imepona haiwaki tena, ila ndala imeyeyukia mguuni na hakusikia

Chalii_wa_Sakina

Wakuu habari za jioni, na mnaostahili shikamooni. Naomba ushauri kwa wanaoyajua haya mambo ya kisukari manake hapa kwetu familia imegawanyika.

Mzee wangu ana miaka 63, sukari anayo tangu 2013, yuko Kibosho na mama, mimi niko Arusha, Sakina. Kama miaka miwili hivi alikua analalamika miguu inawaka moto usiku, yani baridi ya kule juu mnaijua, sie tumejifunika mablanketi mawili mawili yeye katoa miguu nje anaikanyagisha kwenye simenti ipoe, anasema ni kama siafu wanatembea ndani ya nyama. Mama akawa anamkanda na mafuta. Mwaka jana kuna mtu akamletea dawa ya mizizi kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, akanywa kama miezi mitatu na kweli bwana kidogo kidogo moto ukaisha. Mzee akawa anatamba mpaka kilabuni kwamba yeye ameshapona, na vidonge vya sukari vikawa vya kumeza siku anayojisikia.

Sasa wiki iliyopita nimepanda nyumbani, na hii baridi ya mwezi wa saba tumekaa jikoni tunaota jiko la mkaa, stori zinaenda, nikasikia harufu ya plastiki inaungua. Mama akaanza kutafuta mfuko wa rambo umeangukia wapi (mifuko yenyewe ilipigwa marufuku tangu 2019 ila mama anayo ya akiba mpaka leo). Kumbe ni ndala ya mzee. Soli imegusa jiko imeyeyuka, nilivyomvuta mguu ikaja inavutika kama bazoka. Na yeye hajakatisha hata sentensi, anaendelea na habari za jirani aliyekata miti ya mpaka. Kuangalia, chini ya kidole gumba kuna lengelenge kubwa kuliko sarafu ya mia, akacheka, ety "mnaona ngozi yangu ilivyokomaa". Nilicheka nae ila usiku sikulala.

Mama alilipasua kwa sindano akapaka dawa ya meno. Jana kanipigia anasema kinatoa maji ila mzee haumwi hata kidogo, anaenda shamba kama kawaida. Sasa naomba kujua, huyu kapona kweli au kuna kitu? Na kama hata hakiumi kuna haja ya kumshusha mjini, au nitume tu krimu ya kuungua na gari za asubuhi?

mdudu_kakakuona

Wazee wa kule wana ngozi ya kifaru mkuu, mwache mzee ale maisha 😂

Nesi_wa_Zamu

Mangi, achana na kifaru, soma hii taratibu alafu umpigie mama yako leo hii.

Mzee hajapona. Moto umeisha kwasababu mishipa ya fahamu iliyokua inapeleka habari ya moto imekufa. Sukari ikikaa juu miaka na miaka inaharibu ile mishipa yenyewe, inaharibu na vile vimishipa vidogo vya damu vinavyoilisha, na inayoanza kuumia ni ile mirefu kuliko yote, ndio maana ni vidole vya miguu vya pande zote mbili, alafu inapanda kama mtu anavaa soksi, ikifika karibu na magoti ndio unakuta na vidole vya mikono vimeanza. Mshipa unaoumia unapiga kelele, ndio ule moto, zile siafu, ile kuchomwa choma, na usiku inazidi. Ukishakufa unanyamaza. Dawa ya chupa imekuta kelele zinaisha zenyewe, ikapewa sifa.

Mimi nimekaa kliniki ya sukari hapa Moshi miaka mingi, mgonjwa anaelia miguu inawaka sina hofu nae sana, ana usingizi mbovu lakini ana kengele. Anaenitisha ni anaeingia anatabasamu, soksi imegandia kwenye kidonda, anakwambia sista ni kamchubuko tu hata hakaumi.

Kwahiyo kesho ashuke, asingoje jumapili ipite. Mawenzi, KCMC, hospitali yoyote yenye kliniki ya sukari. Kuungua kwenye mguu uliokufa ganzi ni dharura hata kama mwenyewe anaimba. Dawa ya meno itolewe kwa maji safi yanayotiririka, kifunikwe na gozi safi, na shamba basi, kila hatua anayokanyaga anakisaga kile kidonda na hana cha kumwambia asimame. Mkiona wekundu unasambaa, uvimbe, usaha, harufu, ngozi kuwa nyeusi, au mtu anatetemeka na homa, hapo sio kesho, ni saa hiyohiyo hata kama ni usiku. Na msitegemee homa, wengine mguu unaoza na joto la mwili liko kawaida kabisa.

Kuna kitu mama anaweza kukifanya hapo hapo jikoni. Mzee akae, afumbe macho, mama amguse na ncha ya kidole juu ya ncha ya gumba, cha katikati na kile cha mwisho, mguu mmoja kisha wa pili, kugusa tu sekunde moja au mbili, asibonyeze wala asirudie palepale. Jumla ni vidole sita. Akishindwa kusikia viwili au zaidi kati ya hivyo sita, miguu hiyo haina ulinzi. Hospitali watatumia kauzi ka nailoni kagumu kama unywele wa fagio, kanabonyezwa mpaka kapinde, nguvu yake ni gramu 10, na ile uma ya chuma inayotetemeka wanaiweka kwenye gumba. Watapima na damu inavyofika mguuni, maana ganzi peke yake ni tatizo moja, ganzi na damu haifiki ni tatizo lingine kabisa.

TibaAsiliaHalisi

Hawa manesi kazi kutisha watu na kuponda dawa zetu. Mizizi imetibu mababu. Mzee aongeze dozi sukari itoke kabisa, anaetaka anifuate inbox.

Mama_Ndizi_Kilombero

Wewe wa inbox mababu zako walikua hawana glukomita ya kupimia sukari, hawakujua walikufa na nini. Tuache kwanza.

Mwanangu pole na mzee. Mimi ni mgonjwa mwenyewe, nauza ndizi hapa soko la Kilombero Arusha, sukari mwaka wa kumi na mbili huu. Mimi bado niko kwenye ule moto, kwahiyo nilivyosoma hapo juu kwamba wenye moto bado wana kengele nimejikuta nashukuru, ila nishukuru nini jamani, kuna siku shuka likigusa kidole naona kama limetengenezwa na miiba.

Nilianza kwa kununua sindano za neurobion, zile za vitamini B, duka la dawa, kila wiki, nikachanganya na diklofenaki, hela imeenda na moto uko palepale. Baadae daktari akaniambia diklofenaki haifanyi kitu kwa maumivu ya namna hii alafu inazidi kuumiza figo ambazo sukari ishaanza kuzitafuna. Zile vitamini akasema zinasaidia kama zimepungua kweli mwilini, na kwangu walipopima B12 ilikua chini, kumbe metformini, kile kidonge cha sukari, ukiitumia miaka mingi inaweza kuishusha. Basi nikatibiwa hiyo, ganzi ya mikono ikapungua kidogo. Kwa moto wenyewe nameza amitriptilini kidonge kidogo saa mbili usiku, mdomo unakauka na asubuhi mwanzoni nilikua kama mlevi, ila nalala. Ilichukua kama wiki tatu hivi kuona tofauti, msiache siku ya nne mkasema haifanyi kazi. Jirani yangu wa nyanya anatumia pregabalini, mwingine gabapentini, inategemea moyo na figo zako zikoje na mfuko wako, kwahiyo dozi ya mtu usiibebe. Na daktari aliniambia waziwazi, hizi zinatuliza maumivu, haziponyeshi mshipa.

Ila kilichoninusuru mimi ni viatu. Nilikua wa ndala mwaka mzima. Siku moja nimevua raba jioni ikadondoka punje ya hindi, nimeikanyaga tangu asubuhi! Imeacha shimo kwenye nyama kama muhuri. Kutoka hapo kabla ya kuvaa naingiza mkono ndani napapasa, nakung'uta. Raba nilifuata sokoni Kiborloni, Moshi, nilienda saa kumi jioni miguu ikiwa imeshajaa, manake ukinunua asubuhi vitakubana baadae. Na jioni kabla ya kulala naweka kioo chini naangalia nyayo, mjukuu ananimulikia na tochi ya simu, ye ndio ana macho. Maji ya kuoga nayapima na kiwiko, sio na mguu. Mafuta napaka kisigino na juu ila katikati ya vidole hapana, pale nakausha tu.

Na jambo la mwisho, msicheke. Panya. Kuna madaktari wa Dar waliwahi kuandika habari za wagonjwa wa sukari walioliwa miguu na panya wakiwa wamelala, mtu anaamka asubuhi kidole kina jeraha na hajui limetoka wapi. Mzee kama analala karibu na mahindi mhamisheni.

mdudu_kakakuona

Dah hiyo ya panya nimeacha kucheka. Sista naomba kuuliza kwa heshima, mimi nina sukari miaka sita, nina 44, miguu iko poa ila nikisimama haraka kizunguzungu, tumbo linajaa chakula hakishuki, na mambo ya chumbani nayo... yameyumba. Nayo ni hayohayo?

Nesi_wa_Zamu

Ndio maana nikasema uache kifaru 🙂 Yanaweza kuwa hayohayo, mishipa ya fahamu haiko miguuni tu, iko inayoendesha tumbo, mapigo ya moyo, presha ukisimama, kibofu, na hayo ya chumbani. Ila usijipangie mwenyewe manake kizunguzungu kinaweza kutoka kwenye dawa za presha pia. Mwambie daktari yote matatu kwa pamoja, wanaume wengi wanasema tumbo tu wanarudi nyumbani. Upimwe presha umelala na umesimama. Na zile dawa za nguvu za barabarani usiguse, ukiwa na dawa za moyo za kundi la naitreti zinaweza kukuangusha moja kwa moja.

Niongezee kwa wengine, sio kila ganzi ni sukari. Pombe nyingi inafanya, dawa ya TB isiyoambatana na vitamini B6 inafanya, tezi la shingo, hata ukoma. Ganzi ya upande mmoja iliyokuja ghafla na mdomo umepinda hiyo ni kiharusi, kimbia.

Chalii_wa_Sakina

Wakuu nimerudi. Ile post ya sista nilimsomea mama kwenye simu, nikapanda gari ya saa kumi na moja alfajiri.

Tulifanya kile kipimo cha vidole kabla ya kuondoka, mzee kakaa kwenye kigoda kafumba macho, mama kamgusa. Mguu wa kulia wote tumemaliza, tumehamia wa kushoto tumemaliza, mzee bado kafumba macho anasema "sasa si muanze, mnaniweka tu hapa". Mama akaingia chumbani, nikajua anaenda kulia.

Hospitali sukari ilisoma 17.2, iko juu sana. Wamekata ile ngozi iliyokufa, chini yake kidonda kina kina kuliko nilivyodhani, anabadilishiwa gozi kila baada ya siku moja, wamempa antibayotiki na wamemwanzishia insulini kwa sasa. Eksirei mfupa bado uko salama. Damu inafika, daktari alisema hiyo ndio bahati yake. Nilimuuliza mguu utarudi lini kuwa kawaida, akasema ganzi iliyokwishaingia mara nyingi haitoki, kinachotafutwa ni isipande na mguu usipotee.

Kasheshe ni kumkalisha. Anasema mtu asieumwa anakaaje kitandani, migomba nani ataipunguzia.

Nesi_wa_Zamu

Hongera kwa kumshusha. Hiyo ya kukaa ndio dawa kubwa kuliko antibayotiki, mtafutieni kazi ya mikono, apukuchue maharage huko. Na mjue hili mapema, sukari ikishuka haraka kuna watu ule moto unawarudia kwa muda, asije akasema insulini inamuunguza akaacha tena, aje tuongee. Siku mguu ukivimba ukawa wa moto kuliko mwenzake bila kuuma msiseme kategua na kumkanda, mleteni, mifupa ya wayo inaweza kuwa inavunjika kimyakimya.

Mguu wa pili mliuangalia? Katikati ya vidole?

Chalii_wa_Sakina

Aisee hapana. Wote tulikua tunaangalia huu wenye kidonda. Ngoja nimpigie mama.

Chalii_wa_Sakina

Mama anasema kati ya kidole cha nne na cha tano ngozi ni nyeupe imelowa na ina mpasuko. Anauliza aweke nini.

Nesi_wa_Zamu

Asiweke kitu, hasa dawa ya meno. Akaushe na kitambaa laini apachike gozi kavu, na keshokutwa akija kubadilishiwa avue viatu vyote viwili.