Tupeane uzoefu: matabibu wa jeshini na watu wa afya ya akili

Wakuu, najua humu tupo tuliopitia jeshi la Marekani: Wakenya, Watanzania, Wakongo. Sifa nyingi huenda kwa wenye bunduki. Leo tuwataje matabibu na wale wa afya ya akili. Majina ya watu na vikosi tuyaache.

Naanza mimi, tabibu wa platuni, yaani kikosi kidogo cha askari. Nilisomea kambi ya Fort Sam Houston, San Antonio, Texas, wiki 16. Kinachotangulia yote ni damu: funga mkanda kwenye mkono au mguu, kati ya jeraha na kiwiliwili, si juu ya jeraha lenyewe, zungusha kijiti mpaka damu ikate, andika saa uliyofunga. Zamani mkanda ule uliogopwa kwamba utaua mguu. Miongozo mipya ya tiba ya vitani ya 1996 ikaanza kuiondoa hofu hiyo, na vita vya Iraq na Afghanistan vikamaliza ubishi. Mwaka 2009 waziri wa ulinzi Robert Gates akaagiza majeruhi wa Afghanistan wafikishwe hospitali ndani ya dakika 60. Ila helikopta ikikuta damu imekwisha, haina la kufanya. Anayemweka mtu hai mpaka ifike ni kijana aliyepiga magoti vumbini. Hao nawavulia kofia.

Askari wa miguu: Nakuunga mkono. Gari letu lilipinduka mazoezini, dereva akaumia paja vibaya. Tabibu wetu alimfunga huku akimuuliza habari za binti yake ili asipotelee usingizini. Leo anatembea mwenyewe.

Dada wa afya ya akili: Asanteni kwa kutukumbuka. Askari haji kusema ana huzuni, anakuja kusema hapati usingizi. Basi naanzia kwenye usingizi: unalala saa ngapi, nini kinakuamsha? Mengine yanafuata taratibu, maana wengi wanahofia cheo. Mmoja alikubali bunduki yake ya nyumbani itunzwe kwingine mpaka apate nafuu. Yupo, na sasa ni baba. Mwingine mzaliwa wa Bukavu: aliyoyaona utotoni yalimlemea kuliko ya jeshini, na mpaka tulipoongea Kiswahili hakuwahi kumsimulia mtu. Hao wawili ndio fahari yangu, kuliko nishani yoyote.

Mke wa askari: Dada, mume akikataa kuja kwenu, naanzia wapi?

Dada wa afya ya akili: Mwambie amwone kasisi wa kikosi. Akimweleza kwa siri, kasisi haruhusiwi kumwambia yeyote, hata kamanda. Na wewe mwenyewe njoo, usimsubiri. Lakini akitamka kujiua, usiondoke karibu yake, piga 988, simu ya msaada huko Marekani, ubonyeze 1, hata saa nane za usiku.