Naomba uzoefu: mpango wa taka na urejelezaji kwenye rizavesheni, Arizona

Bi_Mizani:

Wakuu, salaam. Niko Arizona, nimeajiriwa idara ya mazingira ya kabila moja dogo la wenyeji wa asili wa Marekani, kwenye rizavesheni, yaani ardhi iliyotengewa kabila. Jina la kabila naliacha, mambo ya baraza yabaki barazani. Najua humu kuna waliosomea afya ya mazingira, na wengine mnaendesha malori Marekani nzima, ndiyo maana nimelileta huku.

Hali iko hivi. Nyumba zimetawanyika, nyingine ziko mwisho wa barabara ya vumbi ambayo mvua za Julai zikipiga haipitiki. Gari la kuzoa taka mlangoni hakuna. Tuna kituo kimoja cha kukusanyia: geti, kibanda, na makontena matatu ya wazi, yale makubwa ya yadi za ujazo 40. Likijaa moja tunampigia mwenye lori, analivuta mpaka dampo la kaunti, mbali kweli. Yeye anadai safari, dampo linadai uzito. Sasa chungulia ndani ya hilo kontena "lililojaa": juu kochi limelala chali, chini yake maboksi ya televisheni ambayo hakuna aliyeyakunja, pembeni godoro. Mizani ya dampo inasoma kidogo tu. Tunalipia nauli ya hewa.

Upande wa urejelezaji, tuna trela lililonunuliwa kwa hela ya ruzuku, lina vyumba vinne vyenye matundu ya duara, limeegeshwa karibu na duka. Fungua chumba cha plastiki: nepi, mifupa ya mbavu, na kuna siku nimekuta betri ya gari inavuja. Mnunuzi wa mjini alishatukatalia mzigo.

Halafu kuna korongo nyuma ya nyumba za zamani. Matairi, friji zimelala kifudifudi. Baadhi ni zetu, nyingine zinaletwa usiku na watu wa nje wanaokwepa ada ya dampo la kwao. Polisi wetu wakimkamata mtu wa nje wanamwandika jina na kumwachia, wanasema mikono yao imefungwa. Na wazee wachache bado wanachomea taka kwenye pipa la chuma nyuma ya nyumba, na taka za sasa ni plastiki tupu, moshi wake una dioksini, sumu kali. Bibi mmoja nilipomwomba aache aliniuliza, "Nikiacha, utakuja wewe kuzichukua?" Nilikosa la kumjibu.

Baraza linataka mapipa ya bluu kila nyumba, plastiki, chupa, karatasi, vyote, "kama mjini". Mkurugenzi anasubiri bajeti yangu. Ruzuku inaisha mwakani. Mngekuwa nyie mngeanzia wapi?

---

Mzee_wa_Marobota:

Dada, pole na hongera. Nimefanya kazi hii hii kwa kabila lingine, New Mexico, mpaka nimestaafu. Mapipa ya bluu yaweke kando kwanza. Pipa la bluu linahitaji gari la kulipitia, gari linahitaji dereva, na dereva anahitaji mshahara baada ya ruzuku kuisha. Mjini nyumba mia ziko mtaa mmoja. Kwenu nyumba mia ni siku nzima na tangi la dizeli.

Umeshaandika mwenyewe penye tatizo: nauli ya hewa. Hapo ndipo hela yenu inapovujia, na hapo ndipo pa kuanzia.

Tandika turubai pale kituoni, mwaga mzigo wa pikapu zinazoingia, tenga mafungu: maboksi, vyuma, vyakula, nepi, mbao, plastiki. Pima kila fungu kwa uzito NA kwa ujazo. Fanya hivyo wiki ya kawaida na wiki ya sherehe, maana hazifanani hata kidogo. Nina uhakika utakuta maboksi ni mepesi kwenye mizani lakini yanakula kontena. Ukiyatoa humo, yakunjwe, yafungwe marobota, umepunguza safari za lori hata kama mnunuzi atakupa senti mbili au asikupe kitu. Hili baraza huwa hawalielewi mara ya kwanza. Watakuuliza, "Boksi linauzwa bei gani?" Wajibu kwa kuwaonyesha ankara za mwenye lori. Faida ya boksi iko kwenye safari ambayo haikufanyika.

Na usiyatafute maboksi kwenye nyumba za watu kwanza. Duka, shule, zahanati, na kama mna kasino basi mlango wa nyuma wa jiko la kasino. Hapo boksi linatoka kavu, safi, kila siku, na kuna meneja mmoja wa kuongea naye.

Baada ya maboksi, vyuma. Makopo ya alumini yana bei nzuri siku zote. Friji nazo ni chuma, ila zina mtego: sheria ya hewa safi, kifungu cha 608, inataka gesi ya kupozea ivutwe kabla friji haijavunjwa. Kwa hiyo vituo vingi vinamtoza mwenye friji hela ya kazi hiyo, na mwenye friji anageuza pikapu kuelekea korongoni. Tafuta fundi mwenye cheti, aje kituoni siku moja maalumu friji zikishakusanyika, na mwananchi apokelewe bure. Gharama ibebwe na chuma kitakachouzwa, panapopungua ongezeni nyie. Kutoa friji korongoni kwa winchi ni ghali kuliko hiyo gesi, niamini.

Chupa za kioo: nzito, bei hakuna, na mnunuzi yuko mbali. Mkiwa na uwezo wa kuzisaga, tumieni kama kifusi. Vinginevyo ziende dampo bila aibu. Plastiki chukueni chupa za maji na madumu ya maziwa tu, basi. China, iliyokuwa ikinunua taka za kurejeleza za nje, ilipofunga mlango mwaka 2018, ikataka uchafu usizidi asilimia 0.5 ya mzigo, hata miji mikubwa iliyokuwa imezoea kusafirisha mchanganyiko ilibaki na marobota mikononi. Sembuse trela lenye nepi.

Hilo trela lihamishie ndani ya geti, mbele ya kibanda, mlinzi alione. Mlinzi mwenye salamu nzuri na kivuli anazuia uchafu kuliko bango lolote. Mpandisheni cheo, mumpe jina la kazi linaloeleweka na glavu za maana.

---

Tausi77:

Mzee heshima yako, lakini hapo kwenye mapipa ya bluu naona umemkatisha tamaa mapema. Mimi ni mwalimu. Watu wakiona kitu kinachoonekana wanabadilika, na watoto ndio wanaowasukuma wazazi. Mkianza na marobota nyuma ya kasino, nani atajua kwamba kabila lina mpango wa taka?

---

Mzee_wa_Marobota:

Tausi, hoja ina uzito. Basi mapipa ya bluu yaende madarasani na jikoni kwa shule, ya makopo na karatasi tu, yanayobebwa na basi la shule au gari la matengenezo ambalo linapita kituoni hata hivyo. Nyumba kwa nyumba bado nasema hapana. Nimeona mapipa ya bluu yakiwa mabanda ya mbwa.

Nimesahau mambo mawili, dada Mizani.

La kwanza, andikeni mpango. EPA, shirika la serikali ya Marekani la kulinda mazingira, wana mfumo wao wa mpango jumuishi wa taka wa kabila, una vipengele vitano: eneo na watu mnaowahudumia, muundo wa idara, mnachofanya sasa na mnachokusudia, fedha na malengo ya muda mrefu, na mwisho uthibitisho kwamba baraza limeupitisha. Hicho cha tano ndicho wengi wanaruka. Bila azimio la baraza una makaratasi tu, na mkurugenzi akibadilika yanaingia kabatini. Ukiwa na mpango uliopitishwa, milango inafunguka. IGAP, ruzuku ya EPA kwa makabila, ile ya sheria ya 1992, inasaidia kujenga idara yenyewe na watu wake. Idara ya kilimo ya Marekani ina ruzuku za taka za vijijini. Sheria ya miundombinu ya 2021 ilitenga dola milioni 275 za miundombinu ya taka na urejelezaji, na makabila yana fungu lao humo. Mashine ya marobota na banda vinaingia huko vizuri. Mshahara wa mlinzi ndio utakaokutesa, huo uweke kwenye bajeti ya kabila tangu mwaka wa kwanza.

La pili, korongo. Mwaka 1994 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya madampo ya wazi kwenye ardhi za wenyeji wa asili, na IHS, yaani huduma ya afya yao, ndiyo inayotunza orodha. Mwite mhandisi wa IHS wa eneo lenu, tembea naye korongoni, apige picha, achukue vipimo vya GPS. Korongo lisilo kwenye orodha halipangiwi hela.

Na mkiulizwa kwa nini dampo liko mbali hivyo, jibu ni kanuni za EPA za 1991. Zilidai matandiko ya kuzuia uvujaji chini ya taka, visima vya kupimia maji ya ardhini, na akiba ya fedha za kufungia dampo. Madampo madogo yakafungwa kwa wingi, yakabaki makubwa ya kikanda. Kwa hiyo msidanganyike na mtu anayesema "chimbeni lenu".

---

Kifungu_B:

Naongezea kwenye hao wa usiku. Nasoma sheria, sijawa wakili, kwa hiyo pelekeni kwa mwanasheria wa kabila.

Mikono ya polisi wenu imefungwa kweli, na aliyeifunga ni Mahakama Kuu ya Marekani. Kesi ya Oliphant ya 1978 iliamua kwamba mahakama za makabila hazina mamlaka ya jinai juu ya mtu asiye mwenyeji wa asili. Lakini jinai siyo njia pekee. Kesi ya Montana ya 1981 iliacha nafasi kwa mamlaka ya madai, hasa pale mtu wa nje anapogusa moja kwa moja afya au ustawi wa kabila. Kwa hiyo kanuni zenu za taka ziandikwe kwa lugha ya madai: faini, gharama za kusafisha, kuzuiwa kuingia ardhi ya kabila. Kama kanuni yenu inasema "kosa la jinai, kifungo", mtu wa nje atacheka.

Pia ongeeni na sherifu wa kaunti. Kuna makabila yana makubaliano ambapo ofisa mmoja ana mamlaka ya pande zote mbili, na akimkamata mtu anajua ampeleke mahakama ipi. Na kwenye zile friji tafuteni bahasha. Watu wanatupa taka zao pamoja na bili ya umeme yenye anwani, sijui kwa nini.

---

Bi_Mizani:

Nimecheka hapo kwenye bahasha, kwa sababu ni kweli, nimezikuta.

Shukrani sana wote. Nimekaa na ankara za lori za mwaka mzima, na kasino ndogo tunayo. Meneja wa jiko kumbe analipa kampuni nyingine kuondoa maboksi kwa kontena lake mwenyewe, kwa hiyo yuko tayari kuyaleta kwetu kesho. Mkurugenzi ameafiki turubai, ila ameomba tusimwage mzigo wa mtu mwenyewe akiwapo, tusubiri aondoke kwanza. Yuko sahihi, kijiji kidogo, usiku kila mtu atajua nani anakunywa nini.

Yule bibi nimemwekea mpango: kijana wa idara anayepeleka maji kwa wazee atarudi na mifuko yao. Tanki likishakuwa tupu, nyuma kuna nafasi.

Swali kwa wenye malori: nikishakuwa na marobota, mzigo kamili ni kiasi gani, na nyie mnataka nini ili mje?

---

Dereva_I40:

Dada hapo umenigusa. Navuta trela la futi 53 na maboksi nimeshabeba sana.

Mzigo kamili ni kama pauni 40,000. Mashine ya marobota ya kusimama, ya saizi ya kawaida, inatoa robota la pauni 1,000 hivi, kwa hiyo hesabu marobota 40. Ukiniita nibebe kumi, bei ni ile ile, umerudi kwenye nauli ya hewa. Yawekeni chini ya bati mpaka yatimie. Boksi lililonyeshewa linakataliwa kiwandani au wanakukata uzito, na mvua zenu za kiangazi nazijua.

Sakafu ya trela langu iko futi nne na ushee kutoka chini. Hamna gati la kupakilia, basi mnahitaji foklifti pamoja na rampu ya chuma. Foklifti peke yake itaniwekea robota mlangoni na kuliacha hapo hapo, haliendi mbele. Na mashine nyingi za marobota zinataka umeme wa fezi tatu, ulizieni kama laini ya kituoni inao kabla hamjanunua.

Lami inafika getini? Kama ni vumbi nitakuja Oktoba au Mei, Agosti hapana. Halafu ulizeni lori linaloleta vinywaji na vyakula kasino linarudi na nini. Mara nyingi halirudi na kitu, na dereva anatafuta mzigo wa kurudi nao hata kwa nusu bei. Alaska wanafanya hivyo kwa matishari na ndege: vyombo vinavyopeleka bidhaa vijijini vinarudi na betri na televisheni mbovu.

---

Bi_Mizani:

Lami inafika getini, ndani ni kokoto. Umeme ni wa fezi moja. Naulizia shirika la umeme wiki hii, na kasino nawauliza la lori la vinywaji. Rampu ya chuma iliyotumika mtu anaipata wapi, kaka?

---

Dereva_I40:

Minada ya vifaa vya maghala, Phoenix. Angalia uwezo wake uliogongwa ubavuni. Ibebe foklifti na robota kwa pamoja, siyo robota peke yake. Na mashine za marobota za fezi moja zipo, zinabana polepole tu.