Tupeane uzoefu: Kiburi kilikuingilia kwa mlango gani?

Mleta mada

Bwana asifiwe wapendwa. Nakuja na mada hii nikiwa mgonjwa mwenzenu, kwa hiyo naomba tusirushiane mistari kama mawe. Kila mmoja aseme la kwake. Kile kiburi cha kifua mbele na sauti kubwa tukiache, hicho kila mtu anakijua na kukisema ni rahisi. Nauliza kile kinachoingia kanisani kimevaa vizuri, Biblia kwapani, kikatafuta kiti cha mbele.

Naanza. Nimeongoza maombi ya alfajiri miaka sita. Nafungua mlango, nawasha taa, napanga viti, na siku za mvua mara nyingi tunabaki mimi na viti vyangu. Mwisho wa mwaka katibu akasimama kusoma majina ya waliojitoa kwa kazi ya Mungu. Majina kumi na moja. Najua idadi kwa sababu nilihesabu. Alitajwa mpaka kijana aliyebeba spika mara mbili. Langu halikusomwa. Nikapiga makofi na wenzangu, meno yote nje, masikio yanawaka moto.

Nilipofika nyumbani nikaanza mfungo wa siku tatu. Nikajiambia naliombea kanisa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesusa, ila nimesusa kiroho. Siku ya pili nilishahakikisha watu wanne wanajua kwamba nimefunga. Siku ya tatu, niko magotini, nikajisikia nasema: "Bwana, wewe unajua hii kazi hasa anaibeba nani." Nikanyamaza hapohapo. Yule Farisayo wa Luka 18, aliyesali akijisifu huku mtoza ushuru akiomba rehema, nimemfundisha mara nyingi, na kila mara nilijiweka upande wa mtoza ushuru. Kumbe Farisayo naye alikuwa anafunga, mara mbili kwa juma, na zaka anatoa. Hakudanganya hata neno moja pale hekaluni. Hilo ndilo linalonitisha.

Haya, karibuni. Wa kucheka acheke, lakini naye alete lake.

Mwanakwaya Mstaafu

Amina mtumishi, umenigusa. Mimi langu ni baya kuliko lako.

Niliimba sauti ya kwanza tangu nikiwa binti. Kila wimbo wenye kipande cha mtu mmoja, kilikuwa changu bila mjadala. Kisha koo likaanza kugoma. Mwalimu wa kwaya akanivumilia mwaka mzima, halafu kwa upole kabisa akampa kipande changu msichana mmoja mgeni, mwembamba, mwenye aibu. Nikasema, "Sifa kwa Mungu, nasi tupumzike." Watu wakasema huyu mama ana unyenyekevu wa ajabu.

Jumapili ya kwanza ya yule mtoto, nilisimama nyuma yake, hatua moja tu. Aliimba ubeti wa kwanza vizuri. Wa pili ukampotea. Nikaona karatasi inatetemeka mkononi, nikaona na shingo yake inalowa jasho. Maneno ya ule ubeti nilikuwa nayo mdomoni. Kumnong'oneza kungetosha, mstari mmoja tu, angeendelea. Sikunong'oneza. Na si kwamba nilishindwa. Nilikuwa nafurahi.

Ilikuwa kama kuhesabu mpaka kumi, mpiga kinanda akamwokoa. Lakini nimeishi na hiyo kumi miaka mingi. Nilikuja kumwambia baadaye sana, akasema hakumbuki. Sijui kama ni kweli au alinistahi.

Zamu ya Usiku

Nilitoa sadaka kwa siri kabisa. Nikamwambia mtu mmoja tu. Halafu nikakasirika alipoitunza siri.

Mleta mada

Zamu ya Usiku umeniua. Yaani mistari mitatu umemaliza kila kitu.

Mume wa Mtu

Kwangu mimi mlango ni neno dogo sana: "kama".

Nimekuwa mzee wa kanisa muda mrefu, nasuluhisha ndoa za watu. Kwangu, nikimkosea mke wangu namwambia, "Kama nimekukosea, nisamehe." Niliona ni maneno ya mtu mwungwana. Siku moja nilimjibu ovyo mbele ya wageni. Usiku nikamwendea na sala yangu ileile ya "kama". Alikuwa anakunja nguo. Hakugeuka. Akasema, "Baba, toa hiyo kama."

Ndugu zangu, nilikaa kitandani nikashindwa. Mtu ninayesimama mbele ya umati nikihubiri toba! Neno la silabi mbili limenikaba. Alimaliza kukunja shati, akachukua jingine, akalikunja, bado mimi niko pale. Nilipolitoa hatimaye sauti haikuwa yangu. Tangu hapo kila nikisikia mtu anaomba radhi hadharani, sikio langu linatafuta "kama" iko wapi.

Kalamu Nyekundu

Wapendwa, jina langu hapa si la bahati mbaya. Nilikuwa nakwenda ibadani na kalamu nyekundu. Mhubiri akikosea jina la mfalme, naandika. Akisema Paulo mahali aliposema Petro, naandika. Nina madaftari mawili yaliyojaa makosa ya watu wengine, na kwa miaka hiyo yote sina ukurasa mmoja wa mahubiri yaliyonigusa.

Siku moja kwenye somo la Biblia mama mmoja mzee akasema, "Kama Petro alivyotuandikia, Mungu huwapinga wajikuzao, bali huwapa wanyenyekevu neema." Nikatabasamu, mnalijua lile tabasamu. Nikasema, "Hapana mama, ni Yakobo. Sura ya 4, mstari wa 6." Watu wakafungua, kweli ipo. Mama hakubishana. Alivaa miwani, akafungua Biblia yake taratibu, kidole kinapapasa kurasa laini kama ngozi ya kitunguu, akasoma 1 Petro 5:5. Ipo vilevile. Wote wawili, Petro na Yakobo, wanachukua Mithali 3:34. Akaniangalia juu ya miwani: "Basi tuko sawa sote wawili, mwanangu."

Yaani nimetumia mstari wa kiburi, kwa kiburi, kumsahihisha mtu aliyekuwa sahihi. Angenicheka ingekuwa nafuu. Aliniachia mlango wa kutokea, na kupita mlango huo ndiko kulikoniuma.

Baada ya hapo nilianza kusoma kwa nia nyingine kidogo. Niwape moja lililonisaidia. Evagrius wa Ponto, mtawa wa karne ya 4 aliyeishi jangwa la Misri, aliorodhesha mawazo manane yanayomwinda mtawa. Ulafi ni wa kwanza. Majivuno na kiburi aliviweka mwisho kabisa. Sababu ni kwamba vinamjia mtu aliyekwisha kuyashinda mengine. Umeushinda mwili, umeishinda hasira, umekaa chini kupumua, ndipo anakuja wa kukupongeza. Gregori Mkuu, aliyekuwa papa kuanzia mwaka 590, yeye alikitoa kiburi kwenye orodha, akakifanya mzizi wa dhambi kuu saba zilizobaki. Ukiangalia mfalme Uzia katika 2 Nyakati 26 ni mulemule. Alitawala miaka 52, alijenga minara, alichimba visima, alilipenda shamba. Hakuanguka alipokuwa dhaifu. Biblia inasema alipokuwa na nguvu moyo wake ukatukuka, akachukua chetezo akaingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi isiyokuwa yake. Makuhani themanini na mmoja wakamzuia. Akawakasirikia, na hasira ikiwa bado ya moto ukoma ukamtoka kwenye paji la uso, pale ambapo kila mtu anaona isipokuwa mwenye uso.

Samahani, nimerefusha. Ualimu ni ugonjwa.

Asiyenyamaza

Mimi nitatia mchanga kidogo, mnivumilie.

Kila nikisikia neno "nyenyekea" mgongo unasisimka, na nina sababu. Kwenye ushirika mmoja niliokuwa nahudumu, niliuliza fedha za mradi ziko wapi. Nimeuliza kwa adabu, kwenye kikao, kwa zamu yangu. Kiongozi akajibu kwa somo la nusu saa juu ya roho ya kiburi. Miriamu alivyopigwa ukoma, Kora alivyomezwa na ardhi, wote kwa kumpinga Musa. Mwisho wa somo nikaambiwa nipige magoti niombewe. Nikapiga. Ndiyo, nilipiga, na nikalia, nikaamini kabisa kwamba nina pepo la kuhoji. Hesabu za mradi hazikusomwa siku hiyo wala nyingine.

Nilichukua muda kuona kwamba wakati mwingine wanaohubiri unyenyekevu kwa sauti ya juu wanataka tu kimya. Bwana wetu, mpole na mnyenyekevu wa moyo, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu hakuinamisha kichwa tu. Aliuliza: kama nimesema vibaya ushuhudie ule ubaya, na kama nimesema vema wanipigia nini? Yohana 18:23. Paulo naye kule Filipi, walipotaka kumtoa gerezani kimyakimya baada ya kumchapa bila hukumu, alikataa. Akasema waje wenyewe watutoe. Na wakaja.

Kwa hiyo nakubaliana na mada, ila tukimwambia mtu ajishushe, tuangalie kwanza nani ameshika kiti.

Kalamu Nyekundu

Dada, kweli tupu. Na katika Hesabu 12, Musa mpole kuliko watu wote hakujitetea hata neno. Aliyesema alikuwa Mungu mwenyewe. Na Musa alipofungua kinywa ilikuwa kumwombea Miriamu apone. Kiongozi wako alikuwa na sura yenyewe mbele yake, akasoma nusu.

Mleta mada

Asante Asiyenyamaza. Pole sana. Hili sikulifikiria nilipoanzisha mada.

Jirani wa Beseni

Shikamooni wakubwa. Mimi ni wa kuhudumia. Ndivyo nilivyojijua toka zamani. Kuna msiba niko jikoni, kuna mgonjwa nalala naye hospitali. Mtu akitaka kunilipa fadhila nakataa. "Usijisumbue, mimi niko sawa." Niliita hiyo unyenyekevu.

Kisha nikafanyiwa upasuaji wa mgongo. Wiki kadhaa siwezi kujigeuza, siwezi kujifuta. Akaja dada mmoja wa ushirika wetu. Tulikuwa hatuelewani, na niwe mkweli, nilikuwa namwona mvivu, mtu wa kufika wakati vyombo vimeshaoshwa. Akaja na beseni na taulo. Nikamwambia aache, binti yangu atakuja jioni. Akasema, "Jioni ni mbali." Akachovya taulo, akalikamua, akalijaribu joto kwenye mkono wake kwanza, ndipo akaanza na miguu yangu.

Mnajua aibu? Siyo ya kuwa uchi. Ilikuwa aibu ya kudaiwa. Kichwani nilikuwa napiga hesabu nitamlipaje ili tuwe sawa tena, yaani ili nirudi juu yake. Nikamkumbuka Petro, Yesu alipotaka kumwosha miguu: "Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Nilikuwa naona alisema hivyo kwa heshima kwa Bwana. Nikiwa pale kitandani nilimwelewa vingine. Maana jibu alilopewa ni kali: nisipokutawadha, huna shirika nami.

Alinipaka mafuta kisiginoni, kulikuwa na ufa, akaupaka mara mbili. Sikumlipa mpaka leo. Nilitaka kumlipa, nikajizuia, na kujizuia huko ndiko kulikuwa kazi kubwa kuliko misiba yote niliyopikia.

Mwanakwaya Mstaafu

Nimesoma hili la beseni nikasimama kwanza, nikanywa maji.

Mpita Njia

Nami swali. Kumshukuru mtu anayekusifu ni kiburi? Mimi nikisifiwa nasema "ni Mungu tu, mimi si kitu," halafu nasubiri aseme "hapana, wewe ni kitu."

Mume wa Mtu

Mpita Njia, hahaha. Sema asante, nenda nyumbani.

Mleta mada

Narudi kumalizia langu maana wengi mmeniuliza kwenye kisanduku cha ujumbe.

Baada ya kusoma ya Mume wa Mtu nilimtafuta katibu. Nilitaka kumwambia kwamba nilimwekea kinyongo kwa miezi mitatu, bila "kama". Nikamwambia. Alishtuka, maana yeye hakuwa na habari, kila Jumapili nilikuwa namsalimia kwa bashasha. Akafungua kabrasha, akaitoa ile karatasi. Jina langu lilikuwepo. La saba. Karatasi ilikunjwa hapohapo na mstari ukajificha kwenye mkunjo. Akaniomba radhi sana, karibu alie.

Sasa sikilizeni. Nilikwenda kutubu. Lakini nilipoona jina langu pale, moyo uliruka kwa furaha ambayo sijaipata kwenye maombi yoyote ya alfajiri. Nikamwuliza kama naweza kubaki na hiyo karatasi. Akanipa. Ninayo humu ndani ya Biblia, penye Luka 18, na nimeshaifungua mara tatu tangu juzi.