Tupeane uzoefu: kualika watu mchana wa Jumapili hapa Lamu, na mwenye nyumba naye aketi ale

Langoni_Jikoni

Assalam alaykum wenzangu. Leo tuzungumzie kualika watu nyumbani mchana wa Jumamosi au Jumapili: ndugu, majirani, marafiki, watu wazima kumi na watano hivi na watoto wao. Si harusi, si hitima. Watu waje, wale washibe, wapige soga mpaka alasiri, na mwenye nyumba awe kitako pamoja nao. Hapo kwenye mwenye nyumba ndipo panapoharibika. Wageni wako chini wanacheka, yeye yuko jikoni juu kwenye moshi, biriani haijakauka na sambusa hazijafungwa.

Msimamo wangu: vyungu vitatu, basi. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha wa nazi. Pembeni kachumbari, ndimu, achari, pilipili ya ukwaju na ndizi mbivu. Biriani iwekeni kwa siku yenye mikono mingi. Vitunguu vyake tu, kuvikata na kuvikaanga mpaka viwe rangi moja, vinakula asubuhi nzima.

Vipimo vya watu wazima 15: mchele kilo 2, samaki wazima kilo 6 (kichwa, matumbo na mifupa huchukua karibu nusu), nazi 8, yaani 4 za wali, 3 za kupaka na 1 ya mchicha. Mchicha mafungu 10, maana ukiingia motoni unanywea ukawa si kitu. Ndimu 12, vitunguu maji kilo 1 na nusu, nyanya kilo 1 na nusu, tangawizi na thomu (vitunguu saumu) za kutosha. Makaa debe moja, na kidogo cha akiba.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe fanyeni haya: kupeta na kuchagua mchele, kumenya na kutwanga thomu na tangawizi, kuroweka ukwaju, kuosha masinia, kutandika mikeka. Nazi msikune jioni kama friji haina uhakika wa umeme. Tui likilala kwenye joto, asubuhi limeshachacha.

Karibuni, kila mtu atoe alicho nacho.


Kifumbu

Wa alaykum salaam dada. Mimi nishike tui, kwa sababu wali na kupaka vyote viwili vinasimama juu yake.

Kununua: tikisa nazi sikioni, maji yasikike yakicheza. Tazama macho yake matatu. Yakiwa na unyevu au ukungu, irudishe. Nyumbani vunja moja moja, na kila moja onja kipande kabla hujaikuna. Nazi moja iliyooza ikichanganyika na saba nzima, sufuria lote litanuka, wala hakuna kiungo cha kuificha.

Kwenye mbuzi, ikune nazi mpaka uone wekundu wa ganda la ndani, kisha acha. Ukiendelea kukwangua hadi kwenye kifuu, tui linakuwa la kijivu na lina ukakasi.

Kwa wali wa kilo 2: nazi 4, maji ya vuguvugu lita 1. Yasiwe ya kuchemka, yawe ya kuvumilika mkononi. Kanda chicha dakika 5, kisha kamua kwenye kifumbu. Hilo ndilo kasimile, liweke kando peke yake. Rudisha chicha, tia maji lita 2 na nusu, kamua tena upate tui jepesi. Jumla ni lita 3 na nusu, na hiyo ni kwa mchele wa basmati uliorowekwa nusu saa na kuchujwa. Hapa wengi hukosea. Mtu amezoea kupika kilo moja kwa lita 2, akifika kilo mbili anatia lita 4, wali unakuwa bokoboko. Maji yanayopotea kwa mvuke hayazidi maradufu kwa sababu mchele umezidi maradufu, na sufuria kubwa likifunikwa vizuri linapoteza kidogo tu. Mchele mpya nao, ule wa mavuno ya karibuni, unataka maji pungufu kuliko wa zamani. Ukibadilisha duka, pika kikombe kimoja kwanza uujue tabia yake.

Mpangilio: chemsha tui jepesi na chumvi, tia mchele, koroga mara moja tu, acha uchemke wazi. Maji yakishuka mpaka uone vitundu vitundu juu ya wali, mimina kasimile, geuza kwa mwiko kutoka chini taratibu, funika. Punguza makaa chini yabaki machache, mengine yapandishe juu ya kifuniko; huko ndiko kupalia. Dakika 20 usifunue. Kasimile likitiwa mwanzoni, moto mkali unalikata: mafuta yanaelea juu, chini panaungua na wali unakosa utamu.

Na saa yake: wali uwe umeshapaliwa kabla ya adhana ya adhuhuri. Watu wakienda kuswali unaiva wenyewe, wakirudi wanaukuta umetulia, punje zimeachana.


Mkomani_Gesi

Kaka Kifumbu, kwetu hakuna jiko la makaa, ni gesi tu. Kupalia tunafanyaje?


Kifumbu

Dada, weka jani la mgomba juu ya wali, kisha kifuniko, na juu yake kitu kizito, hata kinu. Chini ya sufuria weka bati nene au chuma cha chapati, moto uwe mdogo kabisa, dakika 25. Bati hilo linasambaza moto. Bila hilo gesi inachoma katikati tu na pembeni wali unabaki na kiini. Jani lazima lipitishwe motoni kwanza likalainike, vinginevyo litapasuka.


Shela_Nyavu

Nije kwa samaki. Kwa kupaka chagueni changu, tewa au kolekole wa kilo 1 hadi 1 na nusu. Mkubwa zaidi anaungua nje na kubaki mbichi mgongoni. Msimu wa kusi, hasa Juni mpaka Agosti, bahari imechafuka na bei inapanda, kwa hiyo agizeni kwa mvuvi siku mbili kabla au mbadilishe mkapike kuku. Kaskazi ikiingia bahari inatulia na uchaguzi ni wenu.

Jicho liwe limejaa na linang'aa, mashavu mekundu, nyama ukiibonyeza irudi. Jodari na nguru nao watakeni wenye barafu tangu chomboni. Wakikaa juani wanaanza kuwasha, mtu anavimba midomo na kupata vipele, na kuwapika hakuondoi hiyo sumu. Hilo msilifanyie mzaha hata wakiuzwa nusu bei.

Chanja mikato mitatu kila ubavu mpaka uguse mfupa. Paka chumvi, tangawizi, thomu, pilipili mbichi na ndimu. Dakika 30 zinatosha. Ukimlaza usiku kucha kwenye ndimu, nyama inapauka na kulegea, na jikoni anavunjika vipande.

Tatizo linalolalamikiwa kila siku ni samaki kugandia kwenye wavu. Sababu ni mbili: wavu haujapata moto, au ngozi ina maji. Basi wavu uwekwe juu ya makaa dakika 10 peke yake, upakwe mafuta kwa kitunguu kilichokatwa nusu, na samaki apanguswe mpaka awe mkavu. Makaa yawe yamevaa majivu meupe, yasiwe na ndimi za moto. Ukishamlaza usimguse. Dakika 7 au 8 ngozi inaachia yenyewe, na ukimsukuma kidogo akasogea ndiyo ruhusa ya kumgeuza. Akishikilia, ngoja.

Rojo la kupaka, la kilo 6: kasimile la nazi 3, kama lita 1. Tia manjano kijiko kimoja cha chai, thomu punje 8 zilizotwangwa, tangawizi ya urefu wa kidole, pilipili mbichi 3 na chumvi. Koroga upande mmoja bila kuacha mpaka lichemke, kisha punguza moto. Likishashika mgongo wa kijiko ndipo utie ukwaju au ndimu. Uchachu ukitangulia, tui linakatika. Likikatika kidogo, liondoe motoni haraka, tia upawa wa tui baridi na upige kwa mwiko. Likishakuwa chenga chenga halirudi.

Mpake samaki upande wa juu, mrudishe kwenye makaa dakika 2 rojo lishike na kupata madoa ya kahawia, geuza, paka upande wa pili. Linalobaki limwagie sinia likifika mbele ya watu. Bakizeni samaki mmoja bila rojo kwa mzee mwenye sukari au presha, na wali mweupe kibakuli.


Bi_Mkubwa_wa_Mtaa

Wanangu, mmesahau watoto. Wapewe sinia lao mapema, saa sita na nusu, na lao liwe la nguru wa vipande, kwa sababu miba yake ni mikubwa na inaonekana. Changu si samaki wa kumpa mtoto wa miaka minne bila mtu wa kumchambulia. Watoto wakishiba, wakubwa wanakula kwa raha.


Ngazi_za_Mkomani

Shukran bi mkubwa. Mimi naongezea habari ya nyumba yenyewe.

Nyumba zetu nyingi za mawe jiko liko juu, na ngazi ni nyembamba na za mwinuko. Chakula kishushwe ndani ya masufuria yenye vifuniko, kipakuliwe huko chini waliko wageni. Sinia la wali lililojazwa juu na kushushwa kwenye ngazi linahitaji watu wawili, na yule wa mbele haoni anapokanyaga. Kwa hiyo kata, mwiko, masinia na kawa viwe vimeshatangulia chini tangu asubuhi.

Wazee wasipandishwe darini hata kama upepo ni mzuri kule juu. Waketishwe msana wa chini (ukumbi) karibu na kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, hewa inapita na choo kiko karibu. Asiyeweza kukunja magoti awekewe kiti na meza fupi, sahani yake ipakuliwe ya kwake, na awe pale pale penye mazungumzo, asitengwe pembeni kama mgonjwa.

Sinia moja watu wanne au watano. Wakizidi, wa nyuma hafiki kwenye samaki. Samaki wawekwe katikati, ndimu na kachumbari vizunguke. Birika la kunawia na bakuli lake lianze kwa mkubwa wa wageni. Watu 15 wakinawa kabla na baada ya kula wanamaliza ndoo nzima ya maji, kwa hiyo ijazeni ndoo asubuhi, msitegemee mfereji (bomba).

Kachumbari: vitunguu 6 vikatwe vyembamba, vifikichwe na chumvi, vioshwe mara mbili, vikamuliwe. Nyanya na chumvi ya mwisho zitiwe watu wakishaketi. Ukitia saa nne asubuhi, saa saba ni supu.

Maji ya mji wetu yanatoka kwenye visima vya michangani Shela, na kiangazi kikikaza huwa yana chumvi. Onjeni maji kabla ya kutia chumvi kwenye tui. Ni jambo dogo lakini limeharibu masufuria mengi.


Malindi_Chini_ya_Mwembe

Salaam kutoka Malindi. Sisi wenye uwanja tunakula nje chini ya mwembe. Tazameni kivuli cha saa saba, si cha saa tatu, ndipo mtandike majamvi. Jiko liwe upande ambao upepo unatoka kwa watu kwenda kwenye jiko, la sivyo majivu yote yanaingia kwenye rojo.

Wasiokula samaki, kuku wa kupaka ni njia ile ile. Kuku wa kienyeji achemshwe kwanza mpaka alainike, ndipo apelekwe kwenye makaa, na supu yake itumike kulegeza rojo. Kuku wa duka hana haja ya kuchemshwa, mapaja tu yachanjwe hadi mfupani.

Maji ya ukwaju: ukwaju robo kilo, maji ya moto nusu lita, saa moja, fikicha, chuja, ongeza maji baridi lita 2, sukari vikombe 2, chumvi nukta. Yawe makali kidogo, barafu itayapunguza.


Mkomani_Gesi

Na mabaki? Wali ukibakia unafaa mpaka lini?


Langoni_Jikoni

Dada, wali wa nazi hausubiri. Joto la hapa, uliopakuliwa saa saba usiachwe nje mpaka magharibi. Tandazeni kwenye sinia upoe upesi, usifunikwe ukiwa na mvuke, kisha friji, uliwe kesho asubuhi ukiwa umepashwa moto kweli kweli. Ukiona unavuta nyuzi au una harufu ya uchachu, tupeni. Rojo la kupaka hivyo hivyo. Kilicho bora ni kuwafungia wageni wakati wa kuondoka, chakula kikiwa bado kizima, kwa hiyo vibakuli vyenye vifuniko viwe tayari tangu jana.

Baada ya kula, mwenye nyumba asirudi jikoni. Masufuria yatiwe maji yaloweke, masinia yawekwe mahali pamoja, basi. Dele la kahawa liwe limeshateleka juu ya makaa yale yale yaliyochoma samaki: maji lita 1 na nusu, kahawa ya kusaga nene vijiko 6 vya chakula, tangawizi kavu iliyopondwa, ichemke polepole dakika 15, itulie dakika 5 machujo yashuke. Vijikombe, tende, na halua kama ipo. Kahawa isitiwe sukari, utamu uko kwenye tende.