Uzi wa malalamiko: karatasi ya EDIT inayouzwa Ngamiani inafuta kazi za watu

Wakuu, salaam. Nimechoka kunyamaza.

Kuna karatasi za mafunzo ya meinfremu, yaani kompyuta kubwa za taasisi, zinatolewa kopi kwenye steshenari za Ngamiani na Chumbageni hapa Tanga, hazina jina la mwandishi. Vijana wanaojifunza TSO, sehemu ya meinfremu ya kuandikia amri kwa kibodi, kwa programu ya Hercules, ile inayoigiza mashine za IBM, ndani yake wakiendesha mfumo wa MVS 3.8j wa mwaka 1981, wanazifuata neno kwa neno. Ukurasa wa EDIT, programu ya TSO ya kuandika na kusahihisha faili, ni sumu. Aliyeuandika kachukua amri za ed, programu ya kuhariri ya mfumo wa Unix, ile aliyoiandika Ken Thompson mwaka 1969, akazibandika kwenye EDIT ya TSO kwa kuwa zote mbili zinahariri mstari mmoja mmoja. Kufanana kwao kunaishia hapo!

Karatasi inasema: kuona mstari wa 30, andika 30, bonyeza Enta. Kwenye ed ni sahihi, mstari unatokea. Kwenye EDIT ya TSO, namba ikifuatwa na maandishi inaingiza mstari au inabadilisha uliopo; namba tupu INAUFUTA. Haiulizi, haionyi, na EDIT haina amri ya kutengua. Mwanafunzi anaandika 30, haoni kitu, anadhani mashine haikusikia. Anaandika 40. Anaandika 50. Mistari mitatu imekwenda na yeye bado anasubiri kuisoma. Halafu karatasi hiyohiyo inamwambia aandike SAVE, amri ya kuhifadhi.

Kuona mstari ni LIST 30. Kuona kuanzia 30 hadi 80 ni LIST 30 80. LIST peke yake inaleta faili zima.

Kama umeshafuta lakini hujaandika SAVE, acha kuhangaika kukumbuka kilichokuwapo. EDIT inafanya kazi kwenye nakala ya muda, faili la diski halijaguswa. Andika END, itakuambia hakuna kilichohifadhiwa na itataka SAVE au END. Andika END mara ya pili, kisha fungua faili upya. Ukishaandika SAVE, njia hiyo imefungwa.

Tena wameandika eti ukimaliza kuingiza maandishi weka nukta peke yake kwenye mstari. Hiyo ni ed! Kwenye EDIT nukta inaingia kama data, na neno SAVE utakaloandika baada yake linaingia kama data vilevile. Kutoka kwenye INPUT, hali ya kuingiza maandishi, unabonyeza Enta tupu, bila herufi hata moja, mpaka mashine ikuandikie EDIT. Ndiyo maana watu wanaleta JCL, yaani mafaili ya maagizo ya kuendesha kazi kwenye meinfremu, zenye nukta na SAVE tumboni. JES2, sehemu ya mfumo inayopokea kazi, ikikuta mstari usioanza na // inatunga yenyewe kadi (mstari wa JCL) ya //SYSIN DD *, yaani inauchukulia kuwa data, na kazi inaweza kupita bila kulalamika. Kwenye chapisho la kazi tafuteni maneno GENERATED STATEMENT. Mkiyaona na hamkuyatarajia, rudini mkague faili.

Jambo jingine ambalo karatasi haikuligusa kabisa: nafasi. Kuongeza mstari kati ya 30 na 40 unaandika 35, nafasi MOJA, kisha maandishi. Ukiweka nafasi mbili, ya pili inahesabiwa kuwa data, // inasogea safu ya 2, na kadi yako ya JCL si kadi tena. Kwa macho huoni kosa.

Jibu:
Mkuu, umenena. Ongeza na CHANGE, amri ya kubadilisha maneno, maana wameandika s/KALE/MPYA/g ya ed. EDIT haiijui hiyo. Ni CHANGE 10 200 /KALE/MPYA/ ALL, na ukiacha ALL linabadilika neno la kwanza tu. Kama unachobadilisha kina mkwaju ndani yake, na JCL imejaa mikwaju, tumia alama nyingine ya kutenganisha: CHANGE 10 200 !//HATUA1!//HATUA2! ALL. Halafu wanafunzi waambiwe kwamba RENUM inapanga namba upya. Ukiandika DELETE 40 60 kwa namba za orodha ya zamani unafuta mistari mingine kabisa.

Mwanzisha uzi:
Asante sana ndugu yangu, RENUM nilikuwa nimeisahau. Na kwa umeme wetu huu wa kukatika bila taarifa, SAVE iwe kila baada ya mistari michache, ila LIST itangulie ili usihifadhi uharibifu.

Wenye steshenari, naomba msitoe tena kopi ya ukurasa huo. Na yeyote aliye nao mkononi sasa hivi, achukue kalamu, akate ile 30 na aandike pembeni yake: LIST 30.