KUMBUKUMBU YA MZEE 14/3

*Jumatatu, 2 Machi*

[07:12] Da Kulwa: Mwangaluka wote. Zimebaki siku 12. Paroko amekubali misa Jumamosi tarehe 14 saa 4 asubuhi, kigangoni kulekule nyumbani, halafu tunaelekea kaburini. Mchango ni 50,000 kila nyumba, nimesema tangu Januari. Waliotoa mpaka sasa: mimi, Shemeji wa Pasiansi, Doto nusu. Basi.

[07:14] Doto: Umeandika "Doto nusu" utadhani mimi ndiyo nusu mtu

[07:15] Da Kulwa: Ulizaliwa wa pili na mchango unatoa wa pili. Malizia.

[07:40] Shemeji Pasiansi: Mwangaluka. Da Kulwa, siku hiyo sisi tutakuwa na mfungo. Kuja tunakuja, ila mchana msitupikie.

[07:43] Da Kulwa: Nimeshalifikiria shemeji. Futari yenu tutawafungia, mtaondoka nayo. Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimekwenda pamoja, nifanyeje.

[07:44] Doto: Kwa hiyo Wakatoliki wanajinyima, Waislamu wamefunga. Huyo ng'ombe mnamchinjia nani?

[07:45] Shija: 😂😂😂

[07:51] Doto: Tusogeze hadi baada ya Pasaka jamani. Tarehe 11 Aprili watu wanakula bila kuangalia nyuma.

[07:52] Da Kulwa: Mzee hakufa tarehe 11 Aprili.

[13:05] Anko Geita: Nimepita tu. Kosta inaondokea wapi?

[13:06] Da Kulwa: Anko, kosta ni ya watu wa Mwanza, inaondoka Buhongwa saa 12 asubuhi. Wewe unatoka Geita, Sengerema iko njiani kwako.

[13:30] Anko Geita: Basi mnipitie

[13:31] Da Kulwa: Tukupitie kwenda wapi sasa?

[13:38] Doto: Safari hii hata foleni hakuna. Siku ile tulikaa Kigongo tunasubiri pantoni, Mzee yuko ndani ya gari, jua linawaka. Miezi mitatu baadaye daraja likafunguliwa.

[13:40] Shija: Na lilivyojengwa alikuwa anauliza kila wiki limefika nguzo ya ngapi.

[13:42] Doto: Risiti ya pantoni ya siku ile ninayo mpaka leo. Nililipa, nikaikunja, nikaiweka mfuko wa shati. Maana nilimsikia kabisa: "Doto, risiti iko wapi?"

[13:44] Shija: 🥺

[13:45] Da Kulwa: Ndiyo. Na mimi nauliza, mchango uko wapi?

*Jumanne, 3 Machi*

[06:30] Da Kulwa: Hii ndiyo itakayochapwa kwenye kadi na kusomwa kaburini. Someni. Atakayekaa kimya nahesabu amekubali.

"Baba yetu alianza kazi ya ushirika mwaka 1976 akiwa karani wa mizani ya pamba. Baadaye alihamia Mwanza, akajiunga na Saccos, akawa mjumbe wa kamati ya mikopo, kisha mwenyekiti wa bodi kwa miaka tisa. Alikuwa mume mwema, baba mwenye upendo na kiongozi mwadilifu. Hakuna aliyemwendea akarudi mikono mitupu."

[06:58] Doto: Pazuri. Ongeza kwamba mjukuu akizaliwa, yeye alitangulia Saccos kabla ya hospitali. Mwanangu alikuwa na siku nne, hana jina, ana kitabu cha akiba.

[07:02] Shemeji Pasiansi: Na Jumapili aliingia jikoni mwenyewe. Sato wa kuchemsha na ugali wa udaga, anawafukuza wanawake wote jikoni.

[07:03] Doto: Halafu anagawa vipande kwa haki kama gawio la mwaka

[07:04] Shija: Kichwa kwa mwenye hisa nyingi 😂

[09:15] Baba Mdogo: Kulwa. 1976 si mwaka aliouanza ushirika, ni mwaka ushirika ulivunjwa. Alikuwa na miaka miwili pale kwenye mizani. Serikali ikavifuta vyama, pamba ikawa inanunuliwa na mamlaka ya pamba, kaka akarudi kulima. Vyama vimekuja kurudishwa kwa sheria ya 1982. Babu yenu ndiye aliyelia. Yeye alikuwemo tangu ushirika wa akina Bomani, uhuru bado, na waliuanzisha kwa sababu mizani ya wanunuzi ilikuwa inawaibia.

[09:17] Da Kulwa: Asante Baba Mdogo. Narekebisha, 1974.

[09:24] Baba Mdogo: Na huo mstari wa mwisho utoe. Wapo waliorudi mikono mitupu. Mimi mmoja wao. Mwenyekiti ni kaka yangu, tumbo moja, ananiambia mbele ya bodi kwamba sina sifa.

[09:25] Da Kulwa: Baba Mdogo, tafadhali, si hapa.

[09:31] Shija: Shikamoo Baba Mdogo. Mikono mitupu ulirudi mara ya pili. Mara ya kwanza ulirudi na mashine.

[09:33] Baba Mdogo: Mashine iliibwa ziwani usiku. Nyavu na mashine. Sikuila.

[09:36] Shija: Sijasema uliila. Fomu inasema mkopaji akishindwa anakatwa mdhamini. Na mdhamini hakuwa na mashine, alikuwa na ada yangu. Nilirudi nyumbani na tranka kichwani, kidato cha tatu.

[09:37] Doto: Jamani nani amepita Mwaloni leo? Dagaa bei gani?

[09:37] Da Kulwa: DOTO

[09:38] Doto: Nilikuwa natuliza hewa

[09:41] Baba Mdogo: *Ujumbe huu umefutwa*

[10:20] Anko Geita: Saa 12 asubuhi au jioni?

[12:48] Mama: Watoto wangu. Mwaka wa cherehani nilikuwa na akiba laki moja, nikaomba laki tano. Ombi langu lilipofika kwenye kikao baba yenu alitoka nje, akakaa chini ya mwembe hadi wamalize. Nikapewa laki tatu. Mara tatu ya akiba, kama kila mtu. Nilinuna siku mbili. Yeye akapika.

[12:50] Mama: Huyo asiyerudisha mtu mikono mitupu simjui, Kulwa.

[12:55] Da Kulwa: Sawa Mama. Basi niandike nini?

[16:10] Mjukuu (simu ya Shangazi): Shikamooni. Bibi amesomewa yote tangu jana. Amesema niandike kama anavyosema, nisipunguze.

[16:14] Mjukuu (simu ya Shangazi): "Kulwa, wabeja kwa kazi. Tarehe ni hiyohiyo, asiyekula atanawa tu mikono akae. Shija, mwaka ule ulikaa kwangu, ulikuwa unachota maji huku unalia, usidhani nilikuwa sioni. Na wewe mdogo wangu. Kaka yetu alikatwa akiba yake miezi kumi na minne. Alipokwambia huna sifa, hukuwa na sifa. Angekupa, wale wavuvi wengine waliokuwa wanarejesha kila mwezi angewatazama na uso gani? Mchango wako Kulwa asiupokee. Siku hiyo utasimama wewe, usome habari zake, watu wa Saccos wakiwepo. Nimemaliza."

[16:15] Mjukuu (simu ya Shangazi): Amesema pia simu nizime.

[19:52] Baba Mdogo: Nimesikia dada.

[20:30] Da Kulwa: Haya. Tuendelee. Watu wa Saccos wamesema wanakuja kumi na wawili na shada lao. Viti vipo. Sufuria kubwa mbili bado. Ng'ombe bado hatujakubaliana, Doto anataka mbuzi wawili.

[20:31] Doto: Mbuzi wawili na ile nusu yangu inatosha

[21:17] Kaka wa Dar: Poleni na majukumu, nilikuwa kwenye vikao. Nimekuta ujumbe 87, mtu anifupishie. Halafu hisa na akiba za Mzee zimeshalipwa? Nani aliandikwa mrithi?

[21:18] Da Kulwa: Hilo si la kikundi hiki. Wewe mchango umetuma?

[21:19] Kaka wa Dar: Mtandao unasumbua huku

[21:19] Doto: Dar nzima?

[21:40] Shija: Da Kulwa mimi wangu natuma kesho. Sufuria nitabeba ya kwangu.

[22:03] Baba Mdogo: Kulwa, hayo maandishi yachape kwa herufi kubwa. Macho yangu unayajua.

[22:04] Da Kulwa: Nitayachapa Baba Mdogo. Ule mstari niutoe, au utasema mwenyewe la kusema hapo?

[22:04] Da Kulwa: Baba Mdogo?

*Jumatano, 4 Machi*

[05:47] Anko Geita: Nimeelewa. Mimi mtanikuta njia panda. Kama ni asubuhi.